Mama Bustani na Mmea wa Jaani

Maji ya visima vya mtaa wetu wa Mjambere yana chumvi, na mtu anayelisahau jambo hilo asiguse mmea wa Mama Bustani. Mimi nililijua tangu utotoni, maana ndiyo maji tuliyofulia na kuoshea vyombo, lakini haikunijia kwamba mmea nao una ulimi. Mche alionipa niliumwagilia maji ya kisima siku tatu mfululizo, kopo zima asubuhi na jingine jioni, nikiona naupenda sana. Siku ya nne ncha za majani zilikuwa kahawia. Siku ya tano Mama Bustani alikuwa amesimama uani kwangu, mikono kiunoni.

"Nani hapa anaua watoto?" akauliza.

"Nimeumwagilia kila siku, mama."

"Na kila siku umeupa sumu. Kwani wewe chai yako waitia chumvi?"

"Siitii."

"Basi nipishe."

Akaubeba mkebe wake na kwenda zake. Baada ya wiki mbili aliurudisha umechipua upya, akautua chini kwa kishindo, akaondoka bila kuaga. Ndivyo alivyokuwa. Wema wake ulikuja na kelele, na mtu ambaye hakuzoea angedhani anatukanwa.

Ninaandika habari zake nikiwa na hasira, na afadhali niseme mapema. Hasira yenyewe si juu yake, ingawa naye aliwahi kunikera mpaka nikamfungia mlango. Ni juu ya watu wawili watatu, na mmoja wao ni mimi.

Alikuwa jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Aliitwa Mama Bustani kwa sababu kwa miaka mingi alitunza bustani ya hoteli moja ya ufukweni kule Nyali, akitoka kwake kabla ya jua na kurudi na udongo kwenye kucha. Kisha akafukuzwa. Waliandika kwamba ameiba mmea. Kwa miaka sita iliyofuata alitaka kitu kimoja tu duniani: yule msimamizi aliyemwita mwizi afungue kinywa chake aseme kwamba hakuiba. Kurudishwa kazini hakutaka. Hata pole hakuitaka. Alitaka neno hilo, na alilitaka kwa mtu huyohuyo.

Mmea wenyewe hotelini una jina refu lililochorwa kwenye kibao. Sisi tunauita milia, kwa ajili ya majani yake. Juu yana mistari ya kijani na rangi ya fedha, chini ni zambarau tupu, na ule wa kwake ulikuwa na mlia mmoja zaidi, mwembamba, wa waridi. Wauza miche wa kando ya barabara ya Mtopanga wanao wa majani madogo usiokuwa na waridi. Wenye majani mapana mwanzoni ulikuwa mahali pawili tu: kwenye hoteli ile, na kwenye ukuta wa Mama Bustani. Mmea huu hausimami. Unatambaa, na ukiuning'iniza unamwagika kuelekea chini kama nywele zilizofumuliwa.

Kuupanda ni rahisi, kila mtu husema hivyo, na hapo ndipo Mama Bustani alipokuwa akianza kupandwa na hasira. "Rahisi kwa nani? Wangapi nimewapa ukawafia?" Alikata kijiti urefu wa vidole vinne, chini kidogo ya fundo, kwa kisu kikali ambacho hakuruhusu kikate kitunguu. Jani la chini alilinyofoa, fundo likabaki uchi. Fundo ndilo linalotoa mizizi, kwa hiyo fundo lazima lizikwe. Alipanda vijiti vitano katika mkebe mmoja, kwa sababu kijiti kimoja peke yake, alisema, kinaonekana kama mtu aliyesahauliwa stendi.

Udongo wetu ni mchanga mtupu, maji yanapita tu. Yeye aliuchanganya na samadi ya mbuzi iliyokwisha kuoza na makumbi ya nazi aliyoyachambua kwa mkono. Makumbi hayo aliyaacha yanyeshewe msimu mzima wa masika kwanza, yatoke chumvi. Mkebe aliutoboa matundu matatu chini. Maji yalikuwa ya mvua, kutoka kwenye pipa alilolitega chini ya mabati, na kabla ya kumwagilia alizamisha kidole udongoni mpaka kiungo cha pili. Kidole kikitoka na unyevu, humwagilii. Mara moja nilikuwa nimeinua kopo akanishika mkono.

"Wewe ndiye una kiu au ni mmea?"

Jua alilitaka la asubuhi tu, upande wa mashariki. Jua la mchana linaubabua. Na ukiuweka ndani gizani, ile milia inafifia, mmea unarefuka na kukonda ukitafuta dirisha. Lakini somo lake kubwa lilikuwa kukata. Sisi tulipenda urefu, tulishindana nani wake umegusa sakafu. Yeye alikuwa akipita barazani kwa mtu, bila hodi, anachuna vichwa kwa ukucha, chap chap, na mwenye nyumba anapiga kelele. Ukikata kichwa, pale chini yanatoka machipukizi mawili. Usipokata, unabaki na kamba ndefu isiyo na kitu. Na baada ya mwaka au miwili shina linakuwa na upara hata ukiutunza vipi. Hapo unachukua vile vichwa, unavipanda katika mkebe uleule, unaanza upya. Vichwa alivyovichuna alimpa mwenye nyumba mkononi pale pale. "Panda. Usinitazame mimi."

Utomvu wake unawasha. Viganja vyake havikujali, lakini juu ya vifundo vya mikono alikuwa na vipele vya kudumu, na alivikuna hata kanisani. Nilimwambia avae glavu. Akanijibu kwamba hotelini walimpa glavu miaka yote na hakuzivaa hata siku moja, na sasa avae ili iweje, amfurahishe nani?

Hicho ndicho kilichonikera kwake. Aliipenda ile hoteli. Walimtoa kama takataka, naye aliendelea kusema "bustani yetu". Mvua ikichelewa, humsikii akilalamikia mihogo ya nduguze, utamsikia anauliza, "Sijui kule wamekumbuka kutega maji?" Nilimwuliza siku moja, kwa ukali, kwa nini asiwaache wakauke na bustani yao. Akanitazama kama mtu aliyesema upuuzi. "Mimea ilinikosea nini?" Nikaenda kumaliza kushona.

Kisa cha kufukuzwa alikisimulia kwa namna moja kila mara, neno kwa neno, wala hakikuongezeka chumvi kwa miaka yote niliyokisikia. Hotelini alikuwa akipunguza milia ya langoni kila baada ya wiki kadhaa, na vile vichwa vilivyokatwa vilitupwa jaani nyuma ya jikoni. Jumamosi jaa linachomwa. Ijumaa moja aliokota konzi moja ya vichwa, akavifunga katika gazeti lililoloweshwa, akavitia kwenye kikapu chake. Sheria ya hoteli ni kwamba kitu hakitoki bila karatasi ya geti, yenye jina la kitu, jina la anayekitoa, na sahihi ya mkubwa. Lakini vitu vya jaani havikuwa na karatasi. Wenzake walitoka na makumbi, na ndoo zilizopasuka, na mikate migumu ya kulishia kuku, na askari wa geti hakuwahi kuuliza.

Siku hiyo msimamizi mpya alikuwa amesimama getini mwenyewe. Akaagiza kikapu kifunguliwe.

"Karatasi iko wapi?"

Mama Bustani akacheka. "Karatasi ya takataka, bwana?"

Mimi nadhani kicheko ndicho kilichommaliza. Msimamizi alikuwa mgeni, watu walikuwa wamepanga foleni wanatazama, na mwanamke mwenye udongo kwenye kucha amemcheka. Akavimwaga vile vijiti chini. Akaandika hapo hapo, akiwa amesimama, wizi wa mali ya hoteli. Mama Bustani akainama, akaviokota kimoja kimoja mbele ya viatu vyake, akavirudisha kikapuni na kutoka nje. Kesho yake alipokwenda kazini hakuruhusiwa kupita geti.

"Vile vya jaani sikuiba," alikuwa akimalizia. "Lakini vile vya chini ya viatu vyake nilivichukua kwa kiburi. Hicho kiburi Mungu ataniuliza mwenyewe. Siyo yeye."

Vile vijiti ndivyo vilivyofunika ukuta wetu. Baada ya miaka mitatu hakuna nyumba mtaani kwetu iliyokosa mkebe wa milia barazani, na yote ilitoka kwake, kila mche na mahubiri yake. Tulipiga picha harusini mbele ya milia hiyo. Tulipeleka kwa mashemeji. Kanisani kwetu waliitundika barazani, mikebe minne mitupu ya rangi ya kupaka nyumba, mlangoni kabisa. Na msimamizi yule ni mzee wa kanisa letu. Kila Jumapili alipita chini ya majani yale, mengine yakimgusa kichwa, Biblia kwapani, akisalimia watu Bwana asifiwe. Tuliupenda mmea, na ule wizi tukamwachia Mama Bustani peke yake.

Aliwaendea wazee wa kanisa wakamwambia jambo la kazini liishie kazini. Alimwendea mchungaji akaambiwa waliombee. Basi Jumapili moja, wakati wa ushuhuda, akasimama. Alikuwa amevaa leso mpya na viatu vya kufunga. Akasema, kwa sauti ya kawaida, sauti ya chini kuliko tuliyoizoea, "Mimi nina neno na ndugu yetu aliyekaa pale mbele. Nataka aniulize, nami nimuulize, mbele yenu." Hakupata kusema la pili. Mwalimu wa kwaya alitupungia mkono tuinuke, akaanzisha wimbo, na kwaya nzima ikaimba juu ya maneno yake mpaka akakaa.

Mimi nilikuwa kwenye kwaya hiyo. Niliimba. Sauti ya pili, beti zote, nikitazama dari.

Hakunisema kwa ajili ya hilo hata mara moja, yeye aliyenisema kwa ajili ya kopo la maji. Jioni ile alipita kwangu akachuna vichwa vya mmea wangu kama kawaida, akanipa mkononi. Lakini kanisani hakurudi tena. Jumapili alishinda ukutani kwake na kisu chake, na tulipotoka ibadani tulipita barabara ya nyuma ili tusikutane naye. Watu wazima, na vitabu vya nyimbo mikononi.

Mara ya mwisho kukaa naye ni mwaka jana. Goti lilikuwa limemshinda, na binti yake alikuwa anakuja wiki hiyo kumchukua kwenda Kaloleni. Nilikwenda kumsaidia kukata miche ya safari. Alikaa kwenye kigoda karibu na geti lake dogo la mabati, mimi nakata, yeye ananigombeza. "Chini ya fundo, chini ya fundo! Miaka yote hii!"

Gari likasimama nje. Akashuka msimamizi.

Sikuwa nimewahi kumwona Mjambere ila kanisani tu, maana yeye hukaa upande wa Nyali. Alikuwa amenenepa, na leso ya kufutia jasho ilikuwa mkononi. Akasema hodi vizuri, akasalimia vizuri.

"Mama, hujambo? Bwana asifiwe."

"Amina. Karibu, kiti hakuna."

Alieleza akiwa amesimama. Milia ya langoni ilikuwa imekufa yote. Tangu Mama Bustani aondoke waliwahi kubadilisha watunza bustani mara nne, na wote walimwagilia kwa mpira wa maji ya kisima. Sasa mwenye hoteli anakuja kutembea, naye ni mtu mzima, na mmea ule ulipandwa na marehemu mama yake kwa mkono wake. Lazima atauuliza. Msimamizi alikuwa amezunguka kwa wauza miche wote, hakuna mwenye majani mapana. Mtu akamwambia uko hapa. Mtu gani, sikuuliza. Angeweza kuuona mlangoni pa kanisa kila wiki kama angeinua macho.

Mama Bustani alimsikiliza mpaka mwisho akikuna kifundo cha mkono. "Imekufa yote?"

"Yote, mama."

"Hata ile ya kona ya jikoni?"

"Hata hiyo."

Niliona macho yake yakilowa, na wallahi nilitaka kumtingisha. Kisha akaniambia, "Mkatie. Vijiti ishirini, vizuri. Vifunge kwenye gazeti, lilowe maji ya pipa."

Sikuinuka. Akanitazama mpaka nikainuka. Nilikata nikiwa nimeuma meno, nikavifunga, nikampa yeye. Hakumpa yule bwana. Aliviweka mapajani, akatoa chini ya kigoda daftari kuukuu la hesabu, akachana karatasi.

"Niandikie," akaniambia, na akasema maneno taratibu ili kalamu yangu imfikie. Vijiti ishirini vya milia. Vimetoka ukutani kwa mwanamke huyu, mwenye mmea, ambaye hakuuiba. Anayevitoa ni fulani, na hapo nikaacha nafasi ya jina. Sahihi.

Akaitazama ile karatasi, akamnyooshea msimamizi pamoja na kalamu. "Karatasi ya geti. Vitu vya hapa havitoki bila karatasi."

Msimamizi aliisoma. Jasho lilimshuka na hakulifuta. Akacheka kidogo, kicheko cha kuomba tucheke pamoja.

"Mama, mambo ya zamani haya. Na mmea asili yake ni wa hoteli."

"Wa hoteli mliuua. Huu ni wa jaani."

"Sasa nikitia sahihi hapa, nitakuwa nimesema nini kuhusu ofisi?"

"Utakuwa umesema kweli."

"Lakini mama," akasema, na sauti ikapanda, "haya ni majani tu!"

Hapo Mama Bustani akasimama, na goti lake lile. Alishika ukuta kwa mkono mmoja. Hakupiga kelele, ningependa angepiga.

"Majani tu," akasema. "Basi rudia hivyo hivyo kanisani. Sema mlimfukuza mtu kwa majani tu."

Msimamizi akanigeukia mimi, kama mtu anayemtafuta mwenye akili mahali hapo. "Dada, hebu zungumza na mama."

"Tia sahihi, mzee," nikasema.

"Wewe hili halikuhusu."

"Lanihusu. Nina mikebe sita ya mmea huo kwangu. Kanisani kuna minne. Kama yeye ni mwizi, tuandike sote, na wewe uliyekuja kubeba uwe wa kwanza."

Nilisikia sauti yangu imefika barabarani. Watu walisimama. Miaka sita nimechelewa, najua. Msimamizi aliitazama kalamu, akatazama wale watu, akatazama gari. Naapa kulikuwa na kitambo alipoinyoosha ile karatasi kwenye kiganja chake kama anayetaka kuandika. Kisha akaiweka juu ya ukuta, polepole, na kalamu juu yake.

"Nitaweka maua ya plastiki," akasema.

Akaondoka. Gari liligeuka kwa shida kwenye uchochoro wetu, mbele, nyuma, mbele, nyuma, na sisi wote tukilitazama. Ndivyo alivyochagua. Mtu mzima, mzee wa kanisa, aliona afadhali plastiki kuliko mstari mmoja wa kweli kwenye karatasi ya daftari. Nikipita lango la hoteli ile siku hizi nayaona, yana vumbi, na hasira inanipanda upya.

Mama Bustani alirudi kwenye kigoda chake. Vile vijiti ishirini vilikuwa bado mapajani mwake. Akanipa.

"Wako huu. Wenye majani mapana hasa, wa ukuta wa mashariki. Ule wako una upara."

Nikavipokea, nikavitia kwenye mfuko wangu wa vitambaa, nikamuaga. Nilipofika getini nikakuta mguu wake umenyooshwa kuzuia njia, ule mguu mgonjwa.

"Karatasi," akasema.

Nikaichukua pale juu ya ukuta. Pale kwenye nafasi ya jina nikaandika jina langu lote, kama lilivyo kwenye kitambulisho, nikatia sahihi, nikampa. Aliishika mbali na macho, akaisoma kwa sauti kuanzia juu: vijiti ishirini, ukutani kwa mwanamke huyu, mwenye mmea, ambaye hakuuiba. Sehemu hiyo aliirudia. Kisha akaikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la leso, na kuurudisha mguu wake ndani.

"Haya," akasema. "Pita."